Tunda la Usahaulifu: Kichaka cha Msituni Chenye Utamu Kupita Sukari

Watu wengi wakisikia neno utamu hukumbuka vitu viwili tu, yaani sukari na asali. Sukari yatoka katika miwa, asali yatoka kwa nyuki, na mtu atakaye chai tamu hana budi kutafuta kimoja katika hivyo viwili. Lakini katika misitu mikubwa ya Afrika ya Kati, tangu Nigeria na Kamerun hata Gabon, nchi mbili za Kongo na kaskazini ya Angola, humea kichaka kimoja chenye tunda ambalo utamu wake ni wa namna nyingine kabisa. Kitu kinachofanya tunda hilo liwe tamu si sukari, nacho kikipimwa kwa mizani, huishinda sukari mara mia nyingi.

Wenyeji wa misitu hiyo walilijua tunda hilo tangu zama za babu zao. Walilila walipokuwa wakipita njiani, wakawaonyesha watoto wao mahali linapopatikana, na watoto wakawaonyesha wajukuu. Mabingwa wa maabara hawakuijua siri ya utamu huo mpaka miaka ya mwisho ya karne ya 20.

Habari za kichaka hiki zafaa kusomwa na kila mkulima na kila karani. Ni habari za ajabu, lakini faida yake kubwa imo katika mambo yaliyotokea baada ya siri ile kufumbuliwa. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo hata leo halijapata jibu la kuwaridhisha wote: je, kitu kilichojulikana na watu wengi bila kuandikwa ni mali ya nani siku kinapoandikwa na mtu mwingine?

KICHAKA CHENYEWE

Mabingwa wa elimu ya mimea wakiita kichaka hiki Pentadiplandra brazzeana. Jina hilo lilitolewa mwaka 1886 na Mfaransa Henri Baillon. Neno la kwanza limeundwa kwa maneno ya Kiyunani, na maana yake yahusu viungo vya kiume vya ua, ambavyo ni tano mara mbili. Neno la pili latukumbusha jina la Brazza, msafiri aliyeitumikia serikali ya Ufaransa, ambaye jina lake limo pia katika mji wa Brazzaville.

Mmea huu hauna ndugu wa karibu. Katika hesabu ya mabingwa, ukoo wake wote una mmea mmoja tu, ndio huu. Nao una tabia mbili. Mahali pengine huwa kichaka cha kusimama chenyewe, chenye kimo cha meta tano hivi. Mahali pengine hugeuka kuwa mmea wa kutambaa, ukapanda juu ya miti mikubwa hata kufikia meta 20, ukitafuta mwanga wa jua. Majani yake hayapukutiki yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo huonekana mbichi mwaka mzima.

Tunda lake ni la mviringo, na kipenyo chake hufikia sentimeta tano. Ganda lake huwa jekundu, lenye madoa ya kijivu, na ndani mna nyama laini iliyozizunguka mbegu kadhaa. Nyama hiyo ndiyo yenye utamu. Mizizi nayo ina tabia nyingine: ukiikwangua, hutoa harufu kali ya kuwasha pua, mfano wa haradali. Kwa sababu ya ukali huo waganga wa Afrika ya Kati huitumia mizizi kwa dawa nyingi, na huuzwa sokoni katika miji.

Basi kichaka kimoja chatoa vitu viwili visivyofanana, utamu juu na ukali chini.

KWA NINI LIKAITWA USAHAULIFU

Katika nchi zile ambako Kifaransa hutumika, tunda hili hujulikana kwa jina la oubli, maana yake usahaulifu. Wenyeji husimulia kwamba utamu wake ni mkubwa hata mtoto mchanga akiuonja husahau ziwa la mama yake. Mama aliyetaka kumwachisha mtoto kunyonya alijua namna ya kumbembeleza.

Katika jina hilo mna ushahidi. Watu hawawezi kulipa tunda jina la namna hiyo ila wamelionja, wakaona nguvu yake, wakalizungumza kwa muda mrefu. Jina lenyewe ni kama hati ndogo, ingawa haikuandikwa kwa wino, inayoonyesha kwamba utamu wa kichaka hiki ulikwisha kujulikana na kutumiwa kabla hajatokea mtu wa kuupima katika chupa.

MMEA UNAOWADANGANYA NYANI

Kila mkulima ajua kwamba mti hauna miguu. Mbegu zikianguka zote chini ya mama yao, miche husongamana na kufa kwa kukosa mwanga. Kwa hiyo miti mingi ya msituni huwaajiri wanyama na ndege kuwa wachukuzi wake. Mshahara wao ni tunda tamu. Nao wakila tunda huchukua mbegu hata mahali pa mbali, wakaziangusha huko pamoja na mbolea.

Lakini kutengeneza sukari ni gharama kwa mmea, kama vile kulipa mshahara kulivyo gharama kwa mwenye shamba. Sukari ni chakula chenye nguvu, na mmea hauna budi kutumia jua, maji na majani mengi kuipata. Mabingwa hudhani kwamba kichaka hiki kimepata hila ya kupunguza gharama hiyo. Mahali pa kutoa sukari nyingi, hutengeneza kiasi kidogo sana cha kitu kinachogusa ulimi kama sukari. Nyani na kima hudhani wamepata chakula kingi chenye nguvu, kumbe wamelipwa fedha bandia. Hufanya kazi ya kuchukua mbegu, na mmea hubaki na akiba yake.

Ajabu iliyoje kwamba mnyama mmoja hadanganyiki. Mwaka 2016 wataalamu walitoa habari kwamba gorila, ambaye huishi katika misitu hiyo hiyo, ana badiliko dogo katika chembe za ulimi zinazotambua utamu. Kwa sababu ya badiliko hilo yaelekea kwamba haonji utamu wa tunda hili, ingawa utamu wa sukari ya kweli auonja kama kawaida. Wataalamu hao walifikiri kwamba huenda mmea na mnyama wamekuwa wakishindana kwa muda wa vizazi vingi, mmoja akizidi kudanganya na mwingine akizidi kuerevuka. Binadamu, pamoja na akili zake zote, yumo katika kundi la wale wanaodanganyika.

MAABARA YAIFUMBUA SIRI

Mwaka 1989 kundi la wataalamu lilitangaza kwamba limepata katika tunda hilo kitu kitamu, nalo likakiita pentadini. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1994, Ding Ming na Göran Hellekant wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani walitangaza kitu cha pili kutoka tunda hilo hilo, wakakipa jina la brazeini.

Brazeini ni protini. Protini ni jamii ya vitu vinavyojenga mwili, kama vile vilivyomo katika nyama, maharagwe, maziwa na mayai. Wengi hawakutazamia kwamba protini yaweza kuwa tamu, maana protini nyingi hazina utamu wowote. Tena brazeini ni ndogo kwa namna yake: imeungwa kwa viungo 54 tu, vilivyofungamana kama shanga katika uzi mmoja, kisha uzi huo umekunjwa na kukazwa kwa vifundo vinne. Vifundo hivyo ndivyo vinavyoipa nguvu. Protini nyingi huharibika kwa moto, kama vile ute wa yai unavyoganda katika kikaango. Lakini brazeini ilipotiwa katika joto la nyuzi 80 kwa muda wa saa nne, utamu wake haukupotea.

Na utamu huo wapimwaje? Wataalamu huwapa watu maji yenye sukari na maji yenye brazeini, kisha huwauliza yapi yamezidi. Yakilinganishwa na maji yenye sukari kidogo, brazeini huonekana kuwa na utamu mara 2,000 kuliko sukari ya uzito ule ule. Na yakilinganishwa na maji yenye sukari nyingi, mara 500. Karani apendaye hesabu aweza kuona mara moja maana ya tarakimu hizo. Hata tukichukua kipimo kile kidogo, kazi ya kilo moja ya sukari yaweza kufanywa na gramu mbili tu.

Jambo hilo lina maana kubwa siku hizi, ambapo ugonjwa wa kisukari na kuoza kwa meno vimeenea mijini na vijijini. Protini tamu husagwa tumboni kama protini nyingine, na kwa kuwa kiasi kinachohitajiwa ni kidogo mno, haiipandishi sukari ya damu kama sukari ya kawaida inavyofanya. Hii haina maana kwamba tunda ni dawa ya kisukari. Mgonjwa afuate shauri la daktari wake. Lakini mtu anayelazimika kuacha sukari, naye apenda chai tamu, ataona faida iliyomo.

JIRANI ZAKE MSITUNI

Kichaka hiki si cha pekee katika maajabu ya utamu. Katika Afrika ya Magharibi kuna kichaka kingine ambacho Wayoruba hukiita agbayun. Tunda lake dogo jekundu lenyewe si tamu sana, lakini mtu akilitafuna kisha akanywa maji ya ndimu, ndimu huwa tamu mdomoni mwake. Kuna na mmea mwingine uitwao katemfe, wenye majani mapana ya kufungia vyakula, ambao tunda lake lina protini tamu iitwayo taumatini. Mimea hii miwili iliandikiwa habari katika miaka ya 1850 na W. F. Daniell, daktari Mwingereza aliyekaa Afrika ya Magharibi. Taumatini ilikwisha kuingia viwandani, nayo hutiwa katika vyakula na dawa za nchi nyingi.

Basi msitu wa Afrika umetoa vitu vitamu visivyo sukari vingi kuliko mtu angalivyotazamia. Na katika habari ya kila kimoja lipo jambo moja lisilobadilika: mtu wa kwanza kukijua alikuwa mwenyeji wa msitu, na mtu wa kwanza kukiandika alikuwa mgeni.

HATI YA HAKI YA UVUMBUZI

Mtu akivumbua mashine mpya au dawa mpya, serikali za nchi nyingi humpa hati. Hati hiyo humpa yeye peke yake haki ya kutengeneza na kuuza kitu alichovumbua, kwa kawaida kwa muda wa miaka 20 hivi. Makusudi yake ni mema. Mtu aliyetumia fedha na miaka ya maisha yake katika uchunguzi hupata malipo yake, na baada ya muda kwisha, maarifa hayo huwa mali ya watu wote.

Kuanzia mwaka 1994, hati za namna hiyo zilitolewa Marekani kwa ajili ya brazeini. Hazikuhusu tunda kama lilivyo mtini, wala hazikumkataza mtu wa Gabon kulila tunda la kwao. Zilihusu protini iliyotolewa katika tunda, na njia za kuitengeneza. Hata hivyo ziliamsha malalamiko. Watetezi wa haki za wenyeji walisema kwamba wataalamu wasingalitafuta utamu katika kichaka hicho miongoni mwa maelfu ya mimea ya msituni, kama wenyeji wasingalikwisha kuonyesha kwa midomo yao kwamba utamu umo. Wakauliza: katika faida itakayopatikana, sehemu ya wenyeji iko wapi?

Wenye kuzitetea hati wana jibu lao, nalo halifai kupuuzwa. Husema kwamba kujua kuwa tunda ni tamu ni jambo moja, na kujua kitu gani kinalitia utamu, kimeungwaje, na kitatengenezwaje, ni jambo jingine lililohitaji vyombo vya thamani na kazi ya miaka. Ni kweli. Lakini hata mjenzi wa nyumba nzuri hununua mawe kwa mwenye machimbo. Hasemi kwamba kwa kuwa kuchonga amechonga yeye, mwenye mawe hadai kitu.

UTAMU BILA TUNDA

Watu wengine walitumaini kwamba kichaka hiki kitakuwa zao jipya la biashara, kwamba wakulima wa Gabon na Kamerun watalipanda mashambani, na viwanda vitakuja kununua matunda kwa tani, kama kahawa na kakao. Haikuwa hivyo.

Wataalamu walijifunza kuichukua ile amri inayouagiza mmea kutengeneza brazeini, wakaitia katika viumbe vingine. Waliijaribu katika vijidudu, wakaijaribu hata katika mahindi. Njia iliyofanikiwa zaidi ni ile ya hamira, jamaa ya ile itumikayo katika mikate. Hamira hiyo hutiwa katika mapipa makubwa, hulishwa, nayo hutoa brazeini kama ng'ombe atoavyo maziwa. Mwaka 2024 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliiandikia kampuni ya Oobli ya California kwamba haina swali juu ya usalama wa brazeini iliyotengenezwa kwa namna hiyo. Msomaji ataona kwamba jina la kampuni lafanana na jina la tunda. Jina limesafiri, na utamu umesafiri, lakini tunda lenyewe limebaki msituni.

Hapa pana fundisho kwa mkulima. Zamani nchi yenye zao lisilopatikana kwingine ilikuwa na nguvu, maana mnunuzi hakuwa na budi kuja. Siku hizi mnunuzi aweza kuja mara moja tu, akachukua tunda moja, au hata asichukue tunda bali maandishi ya umbile lake, na baada ya hapo asirudi tena.

SHERIA ZILIZOTUNGWA

Mataifa yaliliona jambo hilo. Mwaka 1992, katika mkutano wa Rio de Janeiro, ulifunguliwa Mkataba wa Uanuwai wa Viumbe, ambao ulianza kutumika tarehe 29 Desemba, 1993. Mkataba huo ulikubali kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na wanyama wake, na kwamba faida ipatikanayo kwa kuvitumia yapasa kugawanywa kwa haki. Marekani iliutia sahihi mwaka 1993, lakini haikuuidhinisha, kwa hiyo haifungwi nao.

Mwaka 2010 mataifa yalikutana Nagoya, Japani, yakatunga kanuni zilizo wazi zaidi, ambazo zilianza kutumika tarehe 12 Oktoba, 2014. Kwa kanuni hizo, mtu atakaye kuchunguza mmea wa nchi nyingine hana budi kuomba ruhusa kwanza, na kupatana na wenyewe juu ya faida itakayotokea. Maarifa ya wenyeji juu ya mmea nayo yamehesabiwa kuwa kitu cha kuombewa ruhusa.

Lakini ilibaki njia ya kupenyea, ndiyo ile ya kutumia maandishi ya umbile la mmea bila kuushika mmea wenyewe. Ili kuiziba, mkutano uliofanyika Cali, Kolombia, mwaka 2024 ulipatana juu ya mfuko maalum, nao ulizinduliwa mwezi wa Februari 2025. Makampuni makubwa yanayopata faida kwa maandishi hayo yameombwa kutia humo sehemu ndogo ya mapato yao, na angalau nusu ya fedha imekusudiwa kuwafikia wenyeji. Yameombwa, hayakulazimishwa, hivyo wakati ndio utakaoonyesha kama mfuko utajaa au utabaki mtupu.

HABARI HII YATUHUSUJE KENYA

Kichaka cha oubli hakimei mwituni nchini Kenya. Walakini jambo lenyewe si geni hapa. Mwaka 2004 palizuka malalamiko juu ya vijidudu vilivyochukuliwa katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, likiwamo Ziwa Bogoria, ambavyo vilileta faida katika viwanda vya nguo na sabuni katika nchi za ng'ambo. Mwaka 2006 serikali ya Kenya ilitoa kanuni kwamba mtu atakaye kuchukua mimea au viumbe kwa uchunguzi wa namna hiyo awe na kibali cha mamlaka ya mazingira, na kwamba wenyeji washirikishwe katika faida. Kanuni hizo ni ngao, lakini ngao haimfai mtu asiyejua kwamba anayo.

Kwanza, yafaa maarifa yaandikwe. Katika kila kata wako wazee na akina mama wanaojua matunda ya mwituni, majina yake kwa lugha ya kwao, majira ya kuiva kwake na matumizi ya mizizi yake. Wakifa, maarifa huzikwa pamoja nao. Kijana aliyesoma, akitumia jioni moja kila juma kuyaandika hayo katika daftari pamoja na bibi yake, atakuwa amefanya kazi kubwa. Daftari hilo aliweke mikononi mwa wenyewe, na asimpe mgeni nakala ila kwa shauri la wazee na kwa kufuata kanuni.

Pili, yafaa mmea wenyewe ulindwe. Habari za oubli zaonyesha hatari hiyo. Mtu anayechuma tunda huuacha mmea hai, lakini mtu anayechimba mizizi kwa dawa aweza kuumaliza mmea wote kwa siku moja. Kadhalika msitu ukikatwa, kichaka hakina mahali pa kukaa, na nyani wa kukitawanyia mbegu hawaonekani tena. Hamira ya California haiwezi kumrudishia mtoto wa Gabon tunda alilokuwa akilila njiani.

Tatu, wale wanaoongoza vyama vya wakulima na halmashauri za vijiji wazisome kanuni hizo sasa, kabla mgeni hajafika, ili siku atakapobisha hodi wajue la kumwuliza: umetumwa na nani, una kibali gani, wataka kuchukua nini, utakipeleka wapi, na faida ikipatikana tutaandikiana namna gani? Mgeni mwema hatachukizwa na maswali hayo, maana mapatano yaliyoandikwa humlinda naye pia.

Watu wa misitu ya Afrika ya Kati walilipa tunda lao jina la usahaulifu, wakimfikiria mtoto anayesahau ziwa la mama. Hawakujua kwamba ulimwengu nao ungeuonja utamu ule, na kuwasahau wao walioujua kwanza. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye masikio na asikie, na mwenye kalamu na aandike.